Mvumo

Mwaka jana, kilomita ya mia mbili na kumi na mbili,
nilibonyeza kitufe niseme neno moja, "vumbi",
usukani ukawa jiwe.
Nikaachia, ukawa usukani tena.
Nikabonyeza: jiwe. Nikaachia: usukani.
Kama mtoto anayechezea swichi ya taa,
ila mtoto huyu alikuwa kwenye mwendo wa mia na kumi
na mbele yake mpungate mrefu kuliko mnara wa kanisa.

Baba alisema ni shetani.
Fundi wa Mexicali alisema ni mota, akatuuzia mota.
Mota mpya nayo ikawa jiwe.

Ndipo akaitwa shangazi Maclovia,
asiyekanyaga uwanja wetu tangu matanga ya babu,
aliyetengeneza redio za boti za kuvua kamba San Felipe
miaka thelathini, hadi sikio la kushoto likamfia.
Hakumsalimu baba. Baba naye
ghafla alikuwa na spana ya kutafuta chini ya benchi.
Akalala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni,
akacheka kwa pua.

"Nani aliyefunga nyaya hizi kama mzigo wa kuni?"
Mimi.
"Waya wa antena na waya wa usukani umewalaza kitanda kimoja,
blanketi moja, mita nzima.
Mmoja akisema, mwenzake anaweweseka.
Fahali wawili hao, Eligio. Zizi limewashinda."

Akakata vifungo vya plastiki, tik, tik, tik,
vikaanguka sakafuni kama kucha.
Waya wa antena akaupitisha ubavu wa kulia, peke yake;
palipobidi ukutane na wenzake akaukatisha msalaba.
"Kukutana si kosa. Kosa ni kuandamana."
Umeme wa redio akautoa kwenye betri moja kwa moja,
nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akazisokota
kama nywele za msichana wa komunyo ya kwanza.
Chini ya mguu wa antena akakwangua rangi,
buluu ya baba, aliyoipuliza mwenyewe tabaka saba,
mpaka chuma kikatoka kitupu.
"Umeme haushibi rangi," akasema.
Nyuma yetu spana ilianguka.

Kisha akatoa mfukoni pete nyeusi, nzito, baridi,
za unga wa chuma uliookwa,
akazivisha nyaya za taa za paa, mmoja mmoja
("hizi ndizo zinazokutilia nyuki masikioni usiku"),
na ile kubwa akaivisha shingo ya waya wa usukani.
Bibi harusi, nikasema. Hakucheka.
"Washa injini. Washa taa. Bonyeza. Zungusha."
Nikabonyeza. Nikazungusha.
Mwepesi, kama kufunua ukurasa.
Akatega sikio la kulia, macho kafumba,
akisikiliza kilichobaki.
"Pampu ya mafuta. Kidogo tu. Mvishe naye."

Hela alikataa. Alichukua vifungo vilivyosalia.

Usiku wa mashindano, mchanga ukipanda hadi kwenye nyota,
taa zote zikiwaka, niliita kambini.
Zamani ukiita ulijibiwa na mvumo,
sufuria la maharage likitokota,
na ndani yake sauti ya baba kama mfupa.
Safari hii, kimya.
Kimya kilichofuliwa kikaanikwa.
Nikamsikia akivuta pumzi kabla ya neno.
Sikuwa najua kwamba baba huvuta pumzi kabla ya neno.

"Nakupata," akasema. Halafu:
"Shangazi yako yuko hapa. Kakaa kwenye kreti, anakula chungwa."
Nikangoja. Kitufe alikuwa bado amekishika:
nikasikia jenereta, mbwa,
na ganda la chungwa, kumbe, likichanika.
Watu wawili wasiosemezana,
na mimi kilomita sitini jangwani nawasikiliza.

"Mwambie," akasema. "Mwambie kwamba"
na akaachia kitufe.

Mwaka jana ningesema mvumo ndio uliolimeza.